Sikutia Uso Kwenye Kioo

Juzi binti mmoja wa shule alikuja kuniona. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia marahaba, akakaa mkekani. Kisha akaniuliza, "Bibi, aliyekufundisha kupuliza kioo alikuwa Mzungu gani?"

Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Hakuuliza kama alikuwepo Mzungu. Aliuliza yupi. Basi haya ninayoyasema leo ni jibu lake, na ni jibu lenu nyote, maana swali hilo mnalo vifuani, ila yeye ndiye aliyethubutu kulitoa.

Hakuwepo Mzungu. Aliyenifundisha alikuwa mjane wa Kihindi, mfupi, mwenye kucha nyeusi za mkaa, akitengeneza bangili za kioo nyuma ya nyumba moja pale Makorora, Tanga, zama za Mwingereza, miaka ya hamsini. Jina lake Jamna. Mie nilimwita Bibi Jamna, na tulijuana kwa ugomvi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Pangani na talaka yangu mkononi, nakaa kwa shangazi. Kwetu Pangani, ng'ambo ya kusini ya mto, ni watu wa asili ya Oman, wenye shamba la minazi na nyumba ya ghorofa, na mwanamke aliyeachwa alitakiwa akae ndani, ashone kofia, asubiri posa nyingine. Sikutaka kusubiri. Nilikwenda Tanga kwa harusi ya binti wa shangazi, sikurudi. Kwa harusi ile nilinunua bangili kumi na mbili kwa Bibi Jamna. Nne zilivunjika mkononi kabla bwana harusi hajafika.

Asubuhi yake nikamwendea na vipande kwenye leso.

"Bangili gani hizi? Nimepiga makofi tu zimenivunjikia!"

"Umepiga vipi?" akaniuliza, hata hakunyanyua kichwa.

"Kama watu wanavyopiga kwenye ngoma!"

"Basi kaa hapo. Tengeneza yako, tuione itaishi siku ngapi."

Nilikaa kwa hasira. Akanipa fimbo ya chuma yenye tone la kioo jekundu la moto nchani, akanionyesha namna ya kulizungushia kwenye mti uliochongwa kama pembe. Bangili yangu ilitoka imepinda kama sikio la mbuzi, na ikavunjika kabla sijafika mlangoni. Bibi Jamna alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake nikarudi. Sikurudi kwa kupenda kazi, msije mkajidanganya. Nilirudi kwa sababu alicheka.

Tanuri lake lilikuwa la udongo wa kichuguu, kimo cha kiuno, na ndani mna chungu kinene cha kuyeyushia vioo. Tulichochea kwa vifuu vya nazi. Nyinyi mwavitupa, lakini kifuu kikikauka sawasawa kina moto mkali kuliko mkaa wa mti wowote niliowahi kuwasha. Tulivukuta mivukuto ya kupulizia moto kwa zamu, mmoja akivukuta, mwenzake akishika kioo. Nywele za mbele ya kichwa changu ziliungua mwaka wa kwanza, na mpaka leo hazijarudi vizuri. Ndiyo maana mwaniona nafunga kilemba hivi.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana hili ndilo linalowashinda wengi. Kioo hakiharibikii motoni, huharibikia kinapopoa. Kikipoa upesi, nje hukaza wakati ndani bado ni laini, na hapo kinabaki na ugomvi tumboni. Utakiona kizuri, kimetulia rafuni, kumbe kinangoja. Lazima ukifukie kwenye jivu la moto na ukiache kipoe taratibu pamoja na jivu lake, siku mbili, na kikiwa kinene siku tatu. Mie nilikuwa sina subira. Kichupa changu cha kwanza nilikifukua siku ileile baada ya sala ya alasiri, nikakipanga rafuni, nikakizungukia nikikitazama kama mtu aliyezaa. Kesho yake tunakula, tukasikia "ti!" Kimepasuka katikati, hakuna aliyekigusa.

"Nani amekivunja?" nikasema.

"Wewe, jana," akasema Bibi Jamna, akaendelea na wali wake.

Kosa la pili lilikuwa la kuchanganya. Tulikuwa hatuna kioo kipya, tuliyeyusha chupa. Kijani na kahawia zilikuwa chupa za bia. Buluu zilikuwa chupa za dawa ya tumbo, na hizo tulizitunza kama dhahabu. Mie nikaona nikizitia pamoja nitapata rangi mpya. Nilipata. Ilikuwa nzuri siku mbili, ya tatu ikajichana yenyewe, buluu upande wake na kijani upande wake, kama wake wenza waliopewa chumba kimoja. Kila chupa ina tabia yake ya kukunjuka na kunywea. Msiyeyushe chupa msizozijua katika chungu kimoja. Zipulizeni mbalimbali, kisha mziunge kwa risasi, yale madini laini yanayoyeyuka upesi.

Chupa za bia zilinitia matatani. Zilipatikana nyuma ya kilabu, na mie nilikwenda kuziokota asubuhi na buibui langu na kikapu. Haikupita wiki, habari zikavuka mto mpaka Pangani kwamba Zuhura, binti wa nyumba ile ya ghorofa, siku hizi analewa, na chupa zake anabeba mwenyewe bila haya.

Ndipo alipokuja kaka yangu Seif.

Seif alikuwa mkubwa wangu, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyeshika nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kusemwa. Alipanda pantoni, akapanda basi, akaingia uani kwa Bibi Jamna na kanzu iliyopigwa pasi, akanikuta nimepiga magoti mbele ya tanuri, mashavu yametuna, napuliza. Na nilichokuwa napulizia, wanangu, kilikuwa ni mtutu wa gobori la babu.

Bangili hazihitaji kupuliza, lakini chupa na kioo cha dirisha vyataka bomba. Mabomba ya maji tuliyojaribu yalikuwa mazito, yakinichosha mkono. Nikakumbuka gobori la babu, lililokuwa limetundikwa ukutani Pangani toka sijazaliwa, kutu tupu. Nilipokwenda kusalimu sikukuu, nikalifungia kwenye mkeka, nikaondoka nalo. Mhunzi akalikata kitako, akausafisha mtutu, akalainisha ncha. Sijapata bomba jingine lililonikaa mdomoni kama lile.

"Hiyo ni bunduki ya babu?" Seif akauliza.

"Ilikuwa."

"Zuhura! Babu alilinda shamba kwa bunduki hiyo!"

"Na wewe ulikuwa unalindia nini? Mende?"

Bibi Jamna akageuka upande, mabega yakimcheza. Seif hakucheka. Aliniambia niache kazi ile, nirudi nyumbani, kuna mtu ameniposa. Nikamwambia ampe huyo mtu salamu zangu. Akaondoka. Siku ile hakunifukuza, ila niliona amehesabu kosa la kwanza.

Madirisha yalianza kwa bahati. Nyumba nyingi za zamani mjini zilikuwa na vioo vya rangi juu ya milango, na vilipovunjika hapakuwa na wa kuviziba, watu wakapigilia mabati. Mie nikaanza kuviziba. Kioo nilikata kwa almasi ndogo iliyofungwa kwenye kijiti, urithi wa marehemu mume wa Bibi Jamna. Unapiga mstari mmoja tu, mkono usisite, kisha unakigonga kwa chini nacho kinafuata mstari. Ukipiga mara mbili umekiua. Risasi ya kuungia vipande nilitoa kwenye betri kuukuu za malori, nikaiyeyusha kwenye kikaango cha shangazi. Usifanye hivyo! Moshi ule ulinilaza siku nne, natapika, na kikaango shangazi alikitupa chooni mbele ya macho yangu. Tangu hapo nikiyeyusha risasi huyeyushia nje, nikaupa upepo mgongo.

Hapo ndipo aliponijia Mathayo.

Alikuwa Mngoni wa Songea, katekista kwenye shamba moja la mkonge upande wa Maramba. Mtu mwembamba, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge, anaongea polepole kama anayepima kila neno. Alisimama uani, nyuma yake wanaume wawili na magunia sita.

"Hodi. Tumeambiwa hapa yupo fundi wa vioo."

"Ndimi."

Alitazama nyuma yangu, akitafuta mwanamume. Kisha akatazama mashavu yangu yaliyoungua, akaamini.

Wafanyakazi wa shamba lao, watu wa Songea na wa Njombe na wengine waliotoka mbali zaidi, walijijengea kanisa dogo kwa mikono yao, siku za mapumziko. Juu ya altare waliacha tundu la dirisha, kimo cha mtu. Padri alisema dirisha la rangi litaagizwa ng'ambo. Misimu ya mvua ikapita, mvua ikaingia juu ya altare, dirisha halikuja. Basi wao wakaokota chupa. Magunia yote sita yalikuwa chupa, zimeoshwa, zimepangwa kwa rangi, kila gunia na rangi yake. Nilipoona lile gunia la buluu nilikaa chini. Shamba zima lilikuwa limekunywa dawa ya tumbo.

"Padri anataka picha ya Yesu akibatizwa," akasema Mathayo, akatoa kadi ndogo yenye picha.

Nikaitazama, nikamrudishia. "Mzee, mie ni Mwislamu. Siuchori uso wa mtu, sembuse uso wa Nabii Isa. Kwenu ni ibada, kwangu ni mpaka. Siuvuki."

Aliitia kadi mfukoni. Nilidhani atabeba magunia yake. Wale wenzake walishaanza kuinama kuyachukua.

"Na maji je?" akauliza. "Maji una mpaka nayo?"

"Maji hapana."

"Basi tupe mto tu. Mie nilibatizwa mtoni, Ruvuma. Kila mtu wa kambini kwetu amevuka mto kuja huku, na wengine hawataurudia kuuvuka. Tukiona mto, sisi tutajua aliyesimama ndani yake ni nani."

Nilikubali papo hapo. Bibi Jamna, ambaye alikuwa Mhindu na alisikiliza yote akichambua vifuu, akasema kwamba kwa mara ya kwanza amesikia Mwislamu na Mkristo wakikubaliana uani kwake bila yeye kuwapikia chai.

Kazi ilichukua miezi mitano. Nilipuliza visahani, kila kimoja upana wa sahani ya kikombe. Unapuliza tone liwe kama chungwa, unalishika kwa fimbo upande wa pili, unaliachisha bomba, unalirudisha motoni, kisha unazungusha fimbo kwa nguvu zako zote mpaka lile chungwa likunjuke lenyewe liwe bapa. Katikati hubaki fundo, na kutoka fundoni mizunguko hutambaa mpaka ukingoni, kama maji yanapozunguka jiwe. Hakuna kisahani kinachofanana na ndugu yake. Buluu nilipanga katikati, kijani pembeni, kahawia kingoni. Nilivipanga kwanza sakafuni, safu kwa safu, vimenyooka.

Bibi Jamna, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu, akavipapasa kwa vidole. "Huu mto au sare ya askari? Maji hayasimami mstari."

Nikavikoroga vyote, nikaanza upya. Vikubwa chini, vidogo juu kwenye kona, mto ukija kutoka mbali, kisha nikaviunga kwa risasi, na mapengo nikayaziba kwa vipande.

Habari zikavuka tena kwenda Pangani. Safari hii Seif hakuja na kanzu ya pasi, alikuja vilevile alivyokuwa shambani. Alisimama juu ya dirisha langu sakafuni.

"Unawatengenezea watu sanamu la kanisani?"

"Tazama mwenyewe. Sanamu liko wapi?"

Hakutazama. "Watu wamesema. Masheikh wamesema. Kitu hiki kikitoka hapa kwenda huko, wewe usiuvuke mto. Nyumba ile si yako tena."

"Watu waliosema wamekiona?"

"Haja gani wakione?"

"Basi na mie haja gani niwasikie?"

Niliyasema kwa ukali, na alipotoka nililia, nikilia huku navukuta mivukuto, kwa sababu chungu kilikuwa kimeshaiva na kioo hakingoji mtu amalize kulia. Mama yangu alizikwa kule. Nililijua hilo kila nilipopuliza. Sikuacha. Msifikiri mtu mkaidi haumii. Anaumia, ila mkono unaendelea.

Tulilisafirisha kwa lori la shamba, limelazwa juu ya makumbi na nyuzi chakavu za mkonge, mie nimekaa pembeni nalishika kila lori linaporuka shimo. Halikuvunjika hata kisahani. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikalitia kwenye tundu lake, nikaziba kingo kwa chokaa, nikashuka. Hapo Padri akaingia.

Alikuwa mzee, mwenye Kiswahili safi kuliko cha karani wa bandari. Akatazama juu. Akatazama kadi yake. Akatazama juu tena.

"Bwana wetu yuko wapi?"

Mathayo akamweleza habari ya mto. Padri akatikisa kichwa. Akasema kazi ni nzuri, lakini hili ni pambo, si picha takatifu. Waumini wanahitaji kumwona Bwana. Lishushwe, liwekwe nyumba ya mapadri, tundu lingoje dirisha la kweli.

"La kweli?" nikasema. "Hili la uongo?"

"Mama, usikasirike. Lishushe tu."

"Nimelipandisha kwa mkono wangu, Padri, sitalishusha kwa mkono wangu. Ngazi hiyo. Anayetaka lishuke, apande."

Palikuwa na wanawake wa kambini waliokuja kufagia, na wanaume wachache. Padri akamtazama Mathayo.

"Panda, mwanangu."

Mathayo akatazama mikono yake yenye makovu. "Padri, kwa jambo lingine lolote nitakutii. Hili siliwezi."

Padri akawatazama wengine, mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Basi akakusanya kanzu yake akapanda mwenyewe. Alifika juu, akanyoosha mkono, akashika ukingo wa risasi. Mie nilikuwa chini, nimeikaza mikono kifuani.

Jua lilikuwa limepanda kiasi cha saa tatu asubuhi. Likapiga kioo, na mto ukaanguka sakafuni, buluu na kijani, ukatambaa mpaka katikati ya kanisa, ile mizunguko ya visahani ikitikisika. Wakati huohuo mama mmoja akaingia mlangoni, kichwani ndoo ya maji ya kuoshea sakafu. Hakujua lolote la ugomvi wetu. Akafika pale mwanga ulipoanzia, akasimama. Akashusha mkono mmoja, akainua pindo la kanga yake isilowe, ndipo akakanyaga.

Hakuna aliyecheka. Mama yule alivuka polepole mpaka upande wa pili, akaliachia pindo.

Padri aliona yote kutoka juu ya ngazi. Alikaa kule muda mrefu, mkono bado umeshika risasi. Aliposhuka akaniambia, "Ukingo wa kushoto umelegea. Ongeza chokaa." Akatoka nje. Dirisha halikushushwa.

Baadaye alinitaka nifanye madirisha ya kanisa jingine, la mjini, na akaniuliza tena kama naweza kutia nyuso. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Najua, nimeuliza tu," akaniagiza majani na maji na nyota tu. Na msikiti mmoja ukaniita nitie vioo juu ya mlango. Wale masheikh wa Pangani walifika kuswali pale, wakavisifu, wakauliza fundi nani. Walipoambiwa, waliendelea kuvaa viatu vyao.

Seif alikwenda Maramba peke yake, bila kunambia. Nilisimuliwa na Mathayo. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akasimama nyuma kabisa, akatafuta sura kwenye kila kisahani, toka chini mpaka juu. Alimuuliza Mathayo, "Sanamu mmelificha wapi?" Mathayo akamwambia hawajawahi kuwa nalo.

Wiki ile akaja Makorora. Hakukaa. "Nyumba iko wazi," akasema akitazama ukuta. "Rudi ukitaka. Ila ile kazi uiache huku."

Wengi wangelia wakamshika mkono. Mie nilimpenda kaka yangu, lakini mlango unaofunguliwa nusu haunipitishi, mabega yangu ni mapana, yamevukuta miaka.

"Nitarudi," nikamwambia. "Nitarudi na tanuri."

Nilirudi. Bibi Jamna nikaja naye, macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, nikampa chumba cha mama. Udongo wa kichuguu niliuchota nyuma ya minazi yetu, na tanuri nikalijenga katikati ya ua, chini ya dirisha la Seif la ghorofani. Siku ya kwanza ya kuliwasha moshi ulipanda moja kwa moja kwake. Akatoa kichwa, akakohoa, akaniita jina langu lote na la baba na la babu.

Nikamwambia afunge dirisha, kisha nikaendelea kuvukuta.